Mwezi wa Kumuona Tembo

Kazini wananiita Kalenda. Mwanzoni nilikasirika, lakini jina la utani ukilikataa ndipo linapokuganda. Kwa miaka kumi na tano nimekaa meza ileile, dirisha la pili kutoka mlangoni, katika ofisi inayopeleka wageni mbugani, na kazi yangu ni kujibu swali moja tu: nije mwezi gani? Wanauliza kwa simu, wanauliza kwa barua pepe, wengine wanaingia na mabegi mgongoni, jasho linawatoka, hata kukaa hawajakaa. Anayetaka majani mabichi na utulivu namwambia aje masika. Anayetaka kuona wanyama kwelikweli namwambia asubiri kiangazi kikomae. Majani yanakuwa mafupi, mabwawa yanakauka, na kila chenye kiu kinatoka vichakani kwenda mtoni. Hapo hata asiyejua kutazama ataona.

Nasema hivyo kwa kujiamini kwa sababu ushahidi ninao. Ukutani nyuma ya kiti changu nimebandika jedwali. Kila gari linaporudi, kabla dereva hajanawa uso, namuuliza: tembo mmeona? Simba? Faru? Wameona, naweka alama ya vema; wamekosa, naweka mkasi. Mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka. Karatasi zimeungwa kwa gundi mpaka zimefika kwenye swichi ya taa, na hakuna anayeruhusiwa kuzigusa, hata bosi.

Utaalamu huo niliurithi. Baba alikuwa dereva wa wageni miaka thelathini na moja katika kampuni hiyohiyo, mpaka magoti yalipogoma akastaafu. Madereva wenzake walimwita Mzee Vumbi. Baba hana haja na jedwali. Yeye anatoka nje asubuhi, ananusa, anaangalia siafu wanaelekea wapi, kisha anaingia ndani kubishana na mtabiri wa hali ya hewa redioni. Mara nyingi anamshinda.

Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa na wataalamu wawili wa majira. Mtu wa tatu alikuwa Mama, ambaye hakuwa na utaalamu wowote wa mbugani kwa sababu hakuna aliyewahi kumpeleka.

Mama ni fundi cherehani, na kitu anachoshona zaidi ya vyote ni tembo. Anakata kitambaa cha kijivu, anakishonea juu ya foronya nyeupe, anatia jicho kwa uzi mweusi na pembe kwa uzi wa rangi ya maziwa, na mwenye duka la zawadi jirani na ofisi yetu anawauzia wageni. Ameshona tembo hao miaka ishirini na mbili akifuata picha moja iliyokatwa gazetini, ambayo sasa imelainika kwa kushikwashikwa. Picha yenyewe inaonyesha tembo kwa upande. "Tembo namjua ubavu tu," alikuwa akisema. "Nyuma kwake kukoje, sijui. Ukiniambia nimshone anaondoka, hapo nimekwama."

Kila mwaka alimwomba Baba ampeleke, na lilikuwa jambo rahisi. Gari likienda kuwachukua wageni huenda tupu, na mke wa dereva huruhusiwa kupanda. Kila mwaka Baba alikuwa na sababu. Mwaka huu majani yamezidi. Mwaka huu tembo wamevuka mpaka. Mwaka huu wanachoma nyasi, moshi mtupu. Hakuwa mchoyo, wala hakuwa na mambo yake ya pembeni huko porini, msimfikirie vibaya. Alitaka siku ya Mama iwe siku isiyo na kasoro, na kwa bahati mbaya yeye ndiye aliyezijua kasoro zote.

Mwezi wa tatu mwaka huu Mama alijidunga kidole na sindano ya cherehani. Fundi aliyeshona miaka arobaini hajidungi. Nikamwangalia vizuri siku ile, nikaona jinsi anavyogusa ukingo wa meza kabla ya kukaa, na jinsi anavyogeuza kichwa chote kumtazama mtu aliye kando yake. Kesho yake nikaomba ruhusa kazini, tukampeleka hospitali, mimi na Baba.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi, mwenye sauti ya upole. Alimpima kwa mashine, kisha akatuonyesha karatasi mbili zenye madoa meusi. Presha ya macho, akasema. Ilikuwa imemla Mama polepole kutoka pembeni, bila maumivu, miaka mingi. Jicho la kulia lilikaribia kwisha. La kushoto liliona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo.

"Akitumia dawa ataona tena kama zamani?" nikauliza.

"Matone yanalinda kilichobaki. Kilichokwenda hakirudi."

"Na kilichobaki kitakaa muda gani?"

"Hilo siwezi kukuambia, dada yangu. Ningekuwa najua ningesema."

Mimi, ambaye kila siku nawapa watu tarehe, nilimchukia yule daktari kwa jibu lile. Nilimchukia bure, najua. Mama alikuwa ametulia kuliko sisi sote. Tulipofika nje akanishika mkono, akasema, "Basi nipelekeni nikamwone tembo. Mengine nimeshayaona."

Kufikia jioni habari ilikuwa imemfikia jirani yetu kinyozi. Banda lake linagusana na ukuta wetu, na masikio yake yanafika mbali zaidi ya hapo. Akaja na mashine ya kunyolea mkononi, mteja amemwacha kitini nusu kichwa.

"Jumamosi nina pikapu ya shemeji," akasema. "Twendeni naye Jumamosi hiihii. Saa kumi na moja alfajiri tunaondoka, saa tatu tupo getini."

Baba akacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Masika yalikuwa ndiyo yameanza. Njia za mbugani zilikuwa matope, majani yanafika madirishani, na tembo wametawanyika msituni ambako maji yako kila mahali. Nikamweleza kinyozi hayo yote kwa ile sauti ninayowawekea wageni.

"Kwenye jedwali langu masika ni mikasi mitupu," nikasema. "Watu wanarudi wameona matope na nyani."

"Kwani akimwona mmoja hatoshi?" kinyozi akauliza. "Mama hajasema anataka mia. Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Na haraka haraka haina baraka," Baba akamjibu. "Nimesubiri miaka yote hii nimpeleke vizuri, leo nimpeleke kwenye matope, na pikapu ya shemeji? Kanyoe, bwana. Umemwacha mtu nusu."

Kinyozi akaenda kunyoa. Mama alikuwa mlangoni akisikiliza. Aliamini kwamba kwa jambo hili nyumba yake ina watu wanaojua, na watu hao wakisema subiri, unasubiri. Ningekuwa na baba muuza viatu na mimi mwenyewe nauza nyanya, Mama angemwona tembo wake Jumamosi ileile.

Tukaanza kusubiri. Kila Jumapili nilimtungia uzi kwenye sindano ishirini, nyeusi kumi na nyeupe kumi, nikazichomeka kwenye kimto zimtoshe wiki nzima. Alishona akiwa ameinamisha kichwa upande, akiitafuta kazi kwa kile kipande kidogo cha jicho la kushoto. Tembo wake wakaanza kuwa na macho mahali pasipo pa macho. Mwenye duka akazipokea foronya zile bila kusema neno, jambo lililoniuma kuliko kama angelalamika.

Siku moja mwezi wa nne nilirudi kutoka kazini nikamkuta barazani. Manyunyu yalikuwa yakianguka na mbingu yote ilikuwa ya kijivu. Alikuwa ametunga uzi mwenyewe. Akaniinulia sindano.

"Leo naona," akasema. "Hata kibao cha kinyozi nimekisoma."

Akakisoma tena tumsikie, mstari kwa mstari, mpaka pale kinyozi alipoandika kwamba hanyoi watu wenye haraka. Baba akapiga makofi. Tukaambiana kwamba matone yameanza kufanya kazi, na kama matone yanafanya kazi basi hakuna haja ya kukimbilia matope, muda tunao. Siku mbili baadaye mvua ikakatika kidogo, jua likawaka, na Mama akamimina chai kando ya kikombe. Tukasema amechoka.

Mwezi wa sita masika yakaisha, nami nikasema twende. Jedwali langu kwa wiki mbili za mwisho za mwezi wa sita lina vema sita kwa kila safari kumi. Baba akatikisa kichwa.

"Majani bado marefu. Ataona masikio tu. Sikumsubirisha miaka yote hii aje aone masikio."

Tukabishana siku tatu, yeye na siafu wake, mimi na karatasi zangu, na kusema kweli tulikuwa tunafurahia. Hilo ndilo linaloniuma zaidi nikikumbuka. Kuhusu yale ya hospitali hatukuwa na la kusema hata moja, wala mimi wala yeye. Kuhusu majani na mabwawa tuliweza kusema mpaka chai ikapoa. Mama alipita katikati yetu na sahani, akiugusa ukuta kwa mgongo wa mkono.

"Mimi nipo tayari tangu mwezi wa tatu," akasema. "Mkishaelewana mtaniambia nivae nini."

Mwezi wa saba magari yote yalikuwa na wageni. Ndio msimu wenyewe, na wageni hao niliwaita mimi kwa mdomo wangu. Mwezi wa nane nikapata gari la siku moja. Nilikimbia nyumbani kumwambia Baba, naye akaniambia tuvute subira mwezi mmoja tu. Bwawa kubwa la mashariki lilikuwa bado lina maji. Likikauka, tembo wote watashuka mtoni, majike na watoto wao, mamia kwa mamia, hatua chache kutoka kwenye gari.

"Kwa jicho lile anahitaji tembo wengi, tena wa karibu," akasema. "Asihangaike kutafuta. Mwezi wa tisa, wiki ya pili. Siku hiyo hata kipofu ataona."

Neno lilimtoka kabla hajalishika. Akatoka nje, akakaa kwenye ngazi akifuta viatu ambavyo havikuwa na vumbi. Mimi nikapiga simu ofisini nikalirudisha lile gari. Nilikubaliana naye, sitamsingizia. Wiki ya pili ya mwezi wa tisa haina mkasi hata mmoja kwa miaka yote kumi na tano.

Mwisho wa mwezi wa nane daktari akampima tena. Jicho la kulia lilikuwa limezima. Kwenye karatasi ya jicho la kushoto yale madoa meusi yalikuwa yamesogeleana, yameacha upenyo mdogo katikati. Daktari hakutuambia tumechelewa, kwa kuwa hakujua tunapanga nini. Aliongeza chupa ya pili ya matone, akamshika Mama bega, akatufungulia mlango. Njia nzima Baba alikuwa akirudia, "Wiki mbili tu. Ni wiki mbili tu," na Mama akamwambia amesikia.

Tuliondoka alfajiri, sisi watatu, kwa gari la kampuni, lile kubwa la kijani lenye paa la kufunguka na vioo vipana vya pembeni vya kutazamia nyuma vilivyojitokeza milangoni. Baba alikataa dereva mwingine ingawa magoti yalimuuma. Mama alikaa mbele karibu naye, mimi nyuma yake. Alikuwa amevaa gauni la bluu analovaa harusini, na mkobani alikuwa ameweka kipande cha kitambaa cha kijivu na chaki ya fundi. Alitaka akimwona tembo kwa nyuma amchore palepale, asije akasahau njiani.

"Ukipata mchoro wa nyuma, utaanza kuwashona wanaondoka?" nikamtania.

"Nitashona mmoja tu, wa kwangu," akasema. "Wageni waendelee na ubavu."

Saa nne tulikuwa mtoni. Na nataka hili lieleweke: hatukukosea. Bwawa la mashariki lilikuwa limekauka kama Baba alivyosema, nyasi zimebaki visiki, mto umekuwa mkanda mwembamba wa maji katikati ya mchanga, na tembo walikuwa pale. Niliacha kuhesabu nilipofika themanini. Hapakuwa na gari jingine. Jua lilikuwa kali, mbingu imekuwa nyeupe, mchanga mweupe, vumbi jeupe, kila kitu kinang'aa. Mbugani nimefika mara chache kuliko wageni wangu wanavyodhani, na sikuwahi kuona siku kama ile. Nilijisikia fahari. Nilijisikia fahari kwa dakika nzima.

Baba akazima gari. "Haya, mke wangu. Upande wako. Jike na mtoto wake, hatua kumi na tano."

Mama akageuka. Akainamisha kichwa namna ile ya kwenye cherehani, akakisogeza polepole, akakirudisha. Machozi yalikuwa yakimtoka, ya mwanga, si ya kulia.

"Wapi?"

"Hapo mbele ya mkono wangu."

"Mkono wako uko wapi?"

Baba alikuwa ameunyoosha mbele ya uso wa Mama. Akaushusha.

"Ni hili jua," Mama akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. "Kumekuwa kweupe kote. Likiwaka hivi huwa sioni kitu, si mnajua. Mimi naona siku za mawingu."

Baba akanigeukia, kana kwamba mimi ningesema hapana. Nami kwa mawazo nilikuwa nimeshafika barazani, mwezi wa nne, kwenye manyunyu, sindano imeinuliwa. Siku zile za kijivu zilikuwa nyingi. Mwezi wa nne mzima, na nusu ya mwezi wa tano. Tembo mmoja aliyelowa mvua kati ya majani mabichi, chini ya wingu zito, angemwona. Angemwona na mkia wake.

"Mama, mbona hukusema?"

"Nilisema. Si niliwasomea kibao? Halafu mkaanza mambo ya bwawa na majani, nikajua ninyi ndio wenye kazi yenu. Nikasema kama wamechagua kiangazi, basi huko mbugani kiangazi kina kivuli chake."

Baba akawasha gari. Akaligeuza ili jua liwe nyuma yetu, na mwanga ukarudi kutoka mchangani ukampiga Mama usoni palepale. Akalipeleka chini ya mti, lakini miti yote ilikuwa imepukutisha majani, kama inavyotakiwa ili wageni waone vizuri. Akavua kofia yake akamvisha Mama. Mimi nikavua mtandio, nikaupitisha juu ya dirisha lake, nikashika ncha moja kutoka nyuma na Baba akashika nyingine. Tulikuwa tunajaribu kumtengenezea wingu. Mzee mwenye magoti mabovu na mwanamke mzima wa ofisini, mikono juu.

Yule jike akatukaribia. Alipita karibu na gari kiasi cha kusikia tumbo lake likinguruma, kisha akasimama na kutugeuzia mgongo. Nyuma yake yote ilikuwa pale, hatua tano.

"Nini kinanguruma?" Mama akauliza.

"Tumbo lake."

"Yuko karibu hivyo?" Akatoa kitambaa na chaki, akaviweka mapajani. "Basi niambie, mwanangu. Nyuma kwake kukoje?"

"Ngozi imemzidi," nikasema. "Kama suruali ya kuazima. Imelegea pale chini ya mkia."

Mama akatabasamu, akasubiri niendelee. Nimeweka vema za tembo mamia kwa mamia na sikuweza kupata sentensi ya nne juu ya huyu mmoja. Baba akajaribu, akaanza kwa sauti yake ya wageni, uzito wake, umri wake, anakula kiasi gani kwa siku, halafu akanyamaza mwenyewe. Jike akaondoka, mtoto akamfuata, na kundi likaanza kuvuka mto kwenda ng'ambo.

"Tutarudi vuli," Baba akasema. "Mawingu yakianza."

"Vuli," Mama akasema.

Vuli ilikuwa miezi miwili mbele. Nilizihesabu wiki, ndiyo kazi yangu, na kila wiki niliyoihesabu niliiona ile karatasi ya daktari. Tukala mkate tuliobeba, tukanywa maji, tukasubiri labda litapita wingu lolote. Mchana wote halikupita. Kila mara Baba na mimi tulirudi kwenye mtandio, tukaushika mpaka mikono ikafa ganzi, tukaushusha, tukaushika tena.

Ilikuwa inakaribia saa tisa Mama aliposema, "Ngojeni. Naona kitu cheusi."

Alikuwa ametulia kabisa chini ya mtandio, kichwa upande. Akanyoosha kidole. "Kile pale. Kimesimama. Ndiye?"

Nikafuata kidole chake. Tembo wa mwisho alikuwa ng'ambo, mbali, upande mwingine wa gari. Kidole cha Mama kilielekea kwenye kioo cha pembeni cha mlango wake, kile cha kutazamia nyuma, kasha lake pana la plastiki nyeusi limesimama mbele ya weupe wote ule.

Nilifungua mdomo. Baba alikuwa ameshaona.

"Ndiye," akasema.

"Mbona mdogo?"

"Bado mtoto."

Mama akacheka, cheko la chini. "Na mimi miaka yote nawashona wakubwa. Mbona hatembei?"

"Amesimama. Anakuangalia."

Akamtazama. Sijui ni kwa muda gani. Akachukua chaki, akachora mviringo kwenye kitambaa, akapapasa mahali mstari ulipoishia, akaongeza miguu miwili na kitu kifupi katikati, mkia. Nilitaka kumwambia. Nilitaka Baba amwambie. Nilitaka pia asiwepo wa kumwambia maisha yake yote. Baba alikuwa ameshika usukani kwa mkono mmoja na mtandio kwa mwingine.

Safari ya kurudi ni ndefu na geti hufungwa mapema. Mwishowe Baba akawasha gari, akarudi nyuma taratibu, akageuza, tukashika njia. Mama hakugeuza kichwa.

"Anatufuata," akasema.

Gari likaruka kwenye shimo, likaruka kwenye lingine, tukapita nyasi zilizobaki visiki, tukapita bwawa lililokauka, na kile kitu cheusi kikaja nasi, hakikui wala hakipungui. Uso wa Mama ulikuwa ukitabasamu bado, kisha ukaacha. Akapitisha mkono dirishani, akaupeleka mbele akipapasa hewa, mpaka vidole vikakutana na plastiki.

Baba akapunguza mwendo.

"Usisimame," Mama akasema.

Akakishika kioo kwa kiganja chote. Kwa jua lile lazima kilikuwa cha moto, lakini mkono hakuutoa. Baba akaendesha hivyo hivyo, polepole, akikwepa shimo moja baada ya jingine ili mkono wa Mama usigongwe, na hivyo ndivyo tulivyotoka mbugani.